Tangazo Nililoliweka Kwenye Grupu la Msiba

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hakuna atakayesema marahaba, lakini nikianza kuongea na wewe bila kukuamkia ungeniuliza kama nimelala zizini, kwa hiyo nakuamkia.

Leo ni Jumapili. Nimetoka ibadani nikaja moja kwa moja dukani, nimefunga mlango kwa ndani, nimekaa kwenye kigoda changu upande ule wa madaftari. Nakuandikia kwenye karatasi ya kaki ya kufunikia vitabu vya shule, maana nikisema nitafute karatasi nzuri nitakuwa nimepata kisingizio. Wiki ya Waandishi, ile yako ya kila mwaka, imekwisha tangu juzi.

Nikupe kwanza habari ndogondogo. Kiti chako kipo palepale na hakuna anayekikalia. Hata wateja wageni wasiokujua wanakizunguka, sijui nani amewaambia. Chupa ya chai ya bluu imevunjika kioo cha ndani. Ni mimi, nisamehe, ni haraka zangu zilezile. Vitabu vya watoto nimevihamishia dirishani, kama ulivyotaka kila mwaka na kila mwaka tukaahirisha. Baridi ya mwezi wa saba imetupiga kweli, mlima una wiki mbili haujajifunua, na wewe ungekuwa umeshavaa yale masweta yako mawili, la kijani juu, la zambarau chini. Nilikucheka sana kwa hayo masweta. Sasa nayatamani.

Habari kubwa ni ya Elia.

Mwanao alichukua likizo akaja kutoka Dodoma. Jumamosi ya wiki iliyopita alinikalisha hapa dukani, akaniambia kuna mtu anaitaka hii fremu auze vipuri vya pikipiki. Hakusema kwa ubaya. Unamjua Elia, hata habari mbaya anaileta kama mtu anayebeba mayai. Alisema, "Nasi, mimi si mtu wa vitabu. Kama watu walikuwa wanamfuata mama, mama hayupo. Kama walikuwa wanafuata vitabu, nionyeshe." Akasema atakaa hapa Wiki nzima ya Waandishi, Jumatatu mpaka Ijumaa, aone kwa macho yake, halafu ataamua.

Nilisema sawa, kaka. Nikaenda nyuma ya rafu za kamusi nikashika ukuta.

Maana unajua mwenyewe nilichokuwa nacho na nilichokuwa sina. Waandishi nilikuwa nao. Wewe uliwaandikia wote watano mwezi wa kwanza, kabla mguu haujaanza kuvimba, na wote walikubali, kila mmoja na siku yake, saa kumi jioni. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kuita watu. Na watu wewe ulikuwa unawaita kwa simu, mmoja mmoja, kutoka kwenye kile kidaftari chekundu. Nilikuwa nakusikia: "Baba Glory, Jumanne usije ukaniambia una kikao." Kidaftari kilikuwa kwenye mkoba wako siku walipofungasha nguo zako kupeleka kwenu Machame. Nilipiga simu huko mara tatu. Mkoba alipewa mdogo wako, mdogo wako akampa binti yake, na binti yake yuko Mwanza na hajui kidaftari gani.

Nikabaki na njia moja. Grupu la simu.

Hili hulijui, Mwalimu, lilifunguliwa siku uliyofariki. Liliitwa MSIBA WA MWALIMU. Wamo watu wako wote: jumuiya ya Lemara, kwaya, walimu wenzako wa zamani, wanafunzi wako ambao sasa wana vipara, na wateja wa dukani. Tulikuzika Februari na mpaka wiki iliyopita hakuwa ametoka hata mmoja, kwa sababu kujitoa kwenye grupu la msiba ni kama kusema wewe umeshamaliza kulia. Kwa hiyo watu wamo tu. Asubuhi mistari ya Biblia, mchana vifaranga vinauzwa, juzi mtu kapoteza mbuzi huko Terrat, kaweka na picha.

Nikakaa kuandika tangazo. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Unakumbuka mama yangu? Ni Mlutheri tangu kabla sijazaliwa, anaimba, anafunga, lakini kuna vitu vya kwetu Waarusha ambavyo hajaviacha na hataviacha. Mtu akifa, jina lake halitajwi. Baba alipofariki nilikuwa na miaka saba, na tangu siku ile sijawahi kusikia jina la baba likitoka kinywani mwa mama. Anasema "yule wetu." Anasema ukimwita marehemu unamsumbua alikolala. Mimi sijui kama naamini. Ninachojua ni kwamba tangu Februari ulimi wangu umegoma. Wateja wakiniuliza nasema "mwenye duka." Ninyi Wachaga mnaandika jina kwenye msalaba, kwenye fulana, mnalitangaza kwa spika, nami nilisimama pale Machame kaburini nikiangalia viatu vyangu.

Kwa hiyo niliandika hivi, nimelinakili neno kwa neno ili unicheke vizuri: "Bwana asifiwe ndugu zangu. Tunaanza Jumatatu saa kumi jioni pale dukani kwake, hadi Ijumaa. Kila mtu ajitahidi kufika. Tusimwangushe."

Nikatuma. Watu wakajibu Amina, Amina, Tupo pamoja. Moyo ukatulia kwa mara ya kwanza siku nyingi. Nilikula hata wali wa jana.

Jumatatu saa tisa nilikuwa napanga viti nikasikia gari. Nikatoka. Likashushwa turubai. Baba Glory, msemaji wa misiba yote ya Lemara, alikuwa tayari na kipaza sauti chake, ananiuliza turubai likae upande gani ili jua la jioni lisiwapige wafiwa. Nyuma yake wamama wa jumuiya, vitenge vyeusi, mitandio, mikeka kwapani, Mama Upendo mbele na sufuria ya makande imefungwa kwa kanga. Kwaya nusu. Wanaume wakakaa kwenye viti nilivyovipanga. Wamama wakatandika mikeka chini, mbele ya rafu za riwaya, wakakaa wakanyoosha miguu.

Mwalimu, nilisimama katikati ya duka na kitambaa cha vumbi mkononi. Mama Upendo akanivuta, akanikumbatia, akasema, "Pole tena mwanangu. Mchungaji anafika saa ngapi?"

Nikaenda chooni nikasoma tangazo langu upya. Nikalisoma kama mtu mwingine. Tunaanza. Kwake. Tusimwangushe. Hakuna kitabu humo ndani, hakuna mwandishi, hakuna jina. Ukiweka maneno yale kwenye grupu la msiba, hata mimi ningebeba mkeka.

Mwandishi wa Jumatatu alikuwa yule kijana wa Moshi wa hadithi za upelelezi. Alikuja na shati jekundu, maskini. Akaangalia watu, akaangalia turubai, akaniinamia sikioni: "Dada, nani amefariki?" Nikamwambia mwenye duka. Akauliza lini. Nikasema Februari. Hakuniuliza tena kitu.

Kawaida yako ilikuwa kusoma wewe ukurasa wa kwanza, kwa sauti, umesimama, halafu unakifunga kitabu na kumkabidhi mwenyewe. Sikuthubutu. Nilimsukumia asome mwenyewe. Na kitabu chake, Mwalimu, kinaanza hivi, na mimi nilikuwa nimekisoma na nikasahau: maiti imekutwa nyuma ya mashine ya kusaga, imevaa kiatu kimoja.

Wamama wakaitikia, "Jamani." Mmoja akasema "Maskini." Baba Glory akavua kofia.

Nilitamani ardhi inifungukie. Lakini yule kijana aliendelea, sijui ujasiri aliutoa wapi, na alipofika pale mke wa marehemu anapokana kukijua kile kiatu, nikamwona Mama Upendo amekunja miguu, amesogea mbele na mkeka wake. Alipofunga kitabu hakuna aliyenyanyuka. Kisha kwaya ikaimba, tukala makande.

Elia alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Machozi yanamtoka, hayafuti. Aliniambia, "Sikujua mama alikuwa na watu wengi hivi wa vitabu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Usinitazame hivyo. Ninajua.

Tangu hapo sikuwa mtu. Nikiwaambia ukweli, hawatarudi, na Jumamosi yule wa vipuri anakuja kupima ukuta. Nisipowaambia, nakutumia wewe, nakufukua kila siku saa kumi jioni ili nijaze viti. Jumanne walikuja tena, pungufu kidogo. Mwandishi alikuwa yule dada wa vitabu vya watoto, akasoma habari ya kinyonga, wamama wakasikiliza wameshika tama. Wakaniuliza tena mchungaji yuko wapi. Nikasema yuko safarini. Uongo wa pili, na huo umemhusu mtumishi wa Mungu.

Jumatano palinyesha manyunyu yale ya baridi yanayoingia shingoni. Walikuja wachache, lakini walikuja. Mama Upendo akanishika mkono pale kwenye madaftari, akaongea taratibu kama anaongea na mgonjwa. "Mwanangu, huu msiba una mambo. Tulizika, matanga tukamaliza, msalaba ukasimikwa. Sasa hii ni ya nini? Na hawa wanaosoma kila siku ni wa ukoo gani?"

Nilimwambia tunakuenzi. Akanitazama sana. Akasema haya.

Na jioni hiyohiyo Baba Glory, bila kuniuliza, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Ijumaa ndiyo hitimisho, na wasifu wa marehemu utasomwa na binti yetu Nasinyari, aliyekaa na marehemu dukani miaka minane. Wasifu, Mwalimu. Unajua wasifu unaanzaje. Hauanzi na "mwenye duka." Unaanza na jina, la kwanza, la pili na la ukoo, na jina la baba yako na jina la mama yako, wote marehemu. Sijamaliza kuvuta pumzi simu ikaita, mama kutoka Ngaramtoni. Amesikia kuna msiba wa siku tano kwa yule mwalimu wangu na mimi sikumwambia. Ijumaa anakuja.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Elia. Nilimwita stoo, kwenye maboksi, nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, grupu, tangazo, jina, mikeka, mchungaji. Nilikuwa naongea haraka vile nilivyokuwa nasoma darasa la tatu. Unakumbuka? Nilikuwa nasoma kama nakimbizwa na nyuki, nimalize kabla wenzangu hawajaanza kuicheka lafudhi yangu. Ukanisimamisha mbele ya darasa zima, ukaniambia, "Soma polepole, hakuna anayekufukuza." Ukasubiri. Wao wakachoka kucheka, wewe ukawa bado unasubiri.

Elia alikaa kwenye boksi la atlasi. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyekuja kwa ajili ya vitabu."

Nikasema hapana.

"Nimempigia mke wangu kila jioni, Nasi. Nimemwambia mama alikuwa na watu." Sauti yake ilipanda halafu ikashuka, akafikicha macho. Nilijua nimemuumiza mahali ambapo hapakuwa pamepona. Kisha akasema, "Kesho, kabla hujasoma chochote, waambie. Tuone nani anabaki."

Nikamuuliza, na wakiondoka wote?

"Basi tutakuwa tumejua," akasema, akaenda kununua maji ambayo hakuyahitaji.

Ya Alhamisi yenyewe sina cha kukuambia. Mwandishi alisoma, watu walisikiliza, mimi sikusikia neno.

Ijumaa nilivaa sketi yangu ya kijivu, ile uliyosema inanifanya nionekane mkaguzi wa elimu. Walikuja wengi kuliko Jumatatu, kwa sababu ni hitimisho. Mama aliingia amejifunga shuka lake la bluu juu ya gauni la kanisani, akaamkiwa, akaketi kwenye mkeka na wenzake karibu na mlango. Mwandishi alikuwa yule nesi mstaafu wa Usa River aliyeandika habari za utoto wake kwenye mashamba ya kahawa. Elia alisimama palepale mlangoni. Baba Glory akanipa kipaza sauti, akasema wasifu.

Nilisema hakuna wasifu.

Nikasema hakuna msiba. Nikasema hii ni Wiki ya Waandishi, ile ya kila mwaka, na hawa waliosoma si wa ukoo wowote, ni waandishi wa vitabu, na mchungaji hayuko safarini, hakuwahi kualikwa. Nikasema nilikosea tangazo, na nilipoona wamekosea kwa sababu yangu nilinyamaza siku nne nzima kwa kuogopa. Nikawaambia nilichokuwa naogopa: mkijua ni vitabu tu, hamtakuja, na hili duka litafungwa. Nikaomba msamaha. Kipaza sauti kilikuwa kinavuma, nikakiweka chini.

Halafu nikamtazama mama. Nikasema kwetu jina la aliyekufa halitajwi, na ndiyo maana sikuliandika, na ndiyo maana walidhani wanaitwa kulia. Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Nikasema, "Lakini huyu alinifundisha kusoma kwa sauti, na siwezi kumtunzia duka lake nikiwa namficha." Nikalitaja. Jina lako lote, la ubatizo na la Kichaga, na la baba yako. Sauti ilikatika katikati, nikarudia tangu mwanzo.



Mzee mmoja wa kwaya akachukua kofia yake akatoka. Nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, wengine wananipa mkono, wengine hawanitazami. Dada mmoja aliniambia wazi kwamba mambo ya msiba hayachezewi, na ni kweli. Viti vya wanaume vikabaki wazi zaidi ya nusu. Sikumwangalia Elia. Niliangalia kiti chako.

Halafu wamama wakaanza kuinuka. Wakawa wanakunja mikeka. Mama Upendo wa kwanza, anajipangusa, anajinyoosha kiuno. Nikajua basi, imekwisha. Nikaanza kufikiria vitabu vya watoto nitaviweka kwenye maboksi gani.

Mama Upendo akauweka mkeka wake ukutani. Akasema, kwa sauti ya kuagiza chumvi, "Sasa kama si msiba, sisi tunakaa chini kwa nini?" Akaenda akavuta kiti kilichoachwa na mzee wa kwaya, akakaa, akavua mtandio mweusi, akaukunja kwenye mkoba. Wenzake wakafuata. Viti vikaburutwa, wakabishana nani akae mbele, Baba Glory akazunguka anatafuta kiti chake na chake kilikuwa kimeshakaliwa. Na Mama Upendo hakuwa amemaliza. Alinigeukia akauliza, "Na ile maiti ya Jumatatu. Aliyeua ni nani? Kitabu kile kipo?"

Nilicheka, Mwalimu. Nililia na kucheka palepale mbele ya watu, makamasi na yote, na Elia mlangoni naye mabega yanamtikisika.

Kisha nikakichukua kitabu cha nesi. Nilisimama pale unaposimama, nikafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza niliukimbiza. Wa pili niliukimbiza. Halafu nikakusikia, nikavuta pumzi, nikaanza tena, polepole. Kuna neno moja lafudhi yangu ililikamata kama kawaida na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nikakifunga, nikamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

Jana asubuhi Elia alikuja kuaga kabla ya basi. Alikuwa na simu mkononi. Aliniambia yule wa vipuri ameshamjibu kwamba fremu haipatikani, mwaka mzima, mpaka Wiki ya Waandishi nyingine, na hapo ataangalia tena. "Usidhani nimelainika," alisema. "Nimeona tu viti." Baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa amebadilisha jina la grupu. Halisemi MSIBA WA MWALIMU tena, linasema DUKA LA MWALIMU. Wamejitoa kumi na wawili na bado wanajitoa, na kila anayejitoa namsoma jina na roho inanidunda. Lakini Mama Upendo ameandika humo kwamba yuko sura ya sita na mtu asithubutu kumwambia mwisho. Mtu wa Terrat naye kaandika mbuzi amepatikana.

Mama hakunisemesha Ijumaa. Alikuwa miongoni mwa waliovuta kiti, nilimwona, alikaa nyuma kabisa na shuka lake mpaka mwisho. Jana jioni ndiyo alipiga simu. Akaniuliza habari za baridi, kisha akasema, "Umelitaja. Haya. Lakini nyumbani kwangu usilitaje." Nikasema sawa mama. Nitamheshimu kwake. Hapa dukani ni kwako, na hapa nitalitaja kila atakayeuliza.

Nina hofu bado, nisikudanganye. Mwaka mmoja si mrefu. Kidaftari hakijapatikana, chupa ya chai sijanunua nyingine, na mwezi wa saba ujao sijui nani ataniandikia waandishi barua nzuri kama zako. Nitaziandika mimi. Zitakuwa na makosa, na watakuja hivyohivyo au hawatakuja.

Nakuahidi mawili. Tangazo la mwakani nitaliandika lote, kitabu gani, mwandishi gani, duka la nani. Na Desemba watu wenu wakirudi nyumbani, nami nitapanda Machame. Nitasimama hapo kihambani kwenu, kwenye migomba, safari hii bila kuangalia viatu, nikusomee ukurasa wa kwanza wa ile hadithi ya kiatu kimoja. Mengine nitakusimulia Mama Upendo akishamaliza, maana ameninyima ruhusa.

Pumzika, Mwalimu Ndeenengo. Umeona, nimeliandika. Na nimeliandika polepole.

Wako,
Nasinyari